Sijala, Nimekunywa Chai Tu

Juzi nilimpeleka shangazi yangu kupasuliwa ngiri huku Haneti. Daktari wa usingizi alikuwa Dodoma mjini, akatokea kwenye kishikwambi alichoshika nesi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mbona hapo ulipo pamebana hivyo?"

Daktari akacheka. "Umekula chochote leo?"

"Sijala. Nilikatazwa."

Nesi akashika kitanda aanze kukisukuma. Daktari akainua kidole, kikajaa kioo kizima.

"Na chai?"

"Aa, chai nimekunywa."

"Na nini?"

"Na kiporo tu cha ugali na mlenda."

Upasuaji ukaahirishwa palepale. Daktari alieleza kwamba mlenda ule ungeweza kumpanda kooni akiwa usingizini, ukamziba pumzi. Shangazi akanuna: tangu lini chai ikawa kula?

Mtandao ulifanya kazi yake, lakini mimi namshukuru daktari anayejua chai ya kwetu ilivyo nzito. Nilimcheka shangazi njia nzima. Tulipofika nyumbani, mke wangu akauliza kama nimekula.

"Wapi! Tangu asubuhi ni chai tu, na chapati na maharage."

Shangazi akainua kidole, akakileta mpaka puani kwangu.