Feza na panya wa kundi la maji

Nimeusoma ujumbe wa mdogo wake Feza mara nne. Nimetoka nje, nimerudi, nimeusoma tena. Akili inakataa. Feza wetu? Yule aliyekuwa akicheka mpaka anashika ukuta?

Kwenye simu yangu bado yupo kwa jina la "Feza Panya". Nimejaribu kuandika la heshima zaidi, kidole kimegoma.

Wengi mlimjua kama mama wa dagaa pale sokoni Kibirizi, yule anayekupimia halafu anaongeza konzi mbili juu. Mimi nilimjua kabla ya dagaa. Nilimjua kwenye panya.

Ilikuwa miaka ile watu wanavuka ziwa kutoka Congo na mabegi vichwani. Feza alifika akiwa msichana, akakaa kambi ya wakimbizi, baadaye akapata kibali cha kuishi kwa shangazi yake huko Bangwe. Akaajiriwa kulisha panya kwenye kimaabara chetu cha utafiti. Mimi nilikuwa lab technician, kijana wa Kiha kutoka Kalinzi, koti jeupe limenizidi mikono, kiburi kimenizidi kichwa.

Alinisalimia "Mwakeye!", salamu yetu ya asubuhi, hata ikiwa saa kumi jioni. Nikimsahihisha anasema, "Fundi, kwenu mlimani jua linachelewa kufika. Nakuonea huruma."

Kazi yetu ilikuwa majani ya umubirizi, ule mti mchungu ambao bibi zetu wote waliufahamu. Tuliyakausha kivulini, tukayatwanga, tukayaloweka, tukachuja. Tulitaka kujua kama yale maji ya kijani yanaweza kulikinga ini lisiharibiwe na sumu.

Vizimba vitatu. Cha kwanza, panya wazima, hawaguswi. Cha pili, sumu na maji matupu. Cha tatu, sumu na dawa ya majani. Bila hao wa pili huwezi kujua kama dawa imefanya kazi. Feza aliwaita "wale wa maji".

"Na hawa wanapata lini?" aliniuliza siku ya kwanza.

"Hawapati. Ndiyo kazi yao."

Akaniangalia kama amenikuta nakojoa kisimani.

Wiki ya pili niliona ukijani kwenye sharubu za panya mmoja wa maji. Panya mweupe, sharubu za kijani! Nikajiambia ni uchafu tu. Nikageuza uso.

Results zikatoka. Jamani! Kizimba cha pili na cha tatu, maini yanafanana kama mapacha, nusu mazima nusu mabovu. Supervisor akanigeukia mimi. Eti nimechanganya dozi, nimeharibu kazi ya miezi, nifungashe virago. Mke wangu alikuwa na mimba ya mtoto wetu wa kwanza.

Feza akaweka ndoo chini, akamgeukia supervisor.

"Docteur, haiko yeye. Ni miye njo niligawa. Dawa ya hawa nilikata nusu, nikapa wale wa maji."

"Kwa nini?"

"Siku tulishuka kwenye boti walitupanga foleni mbili. Moja ilipata uji. Sisi wakasema majina yetu bado kuandikwa, wakatupa maji. Siku mbili. Mama mmoja wa foleni ya uji akakuja na sahani yake, akatugawia. Sasa miye nisimame pale nawaangalia tu?"

Jioni ile Feza hakuwa na kazi tena. Mimi nilibaki na yangu. Zile sharubu za kijani sikuzitaja.

Hakuwahi kuninunia. Alianza na beseni moja la dagaa, na nikipita ananiita kwa sauti soko zima lisikie, "Fundi, njoo! Dagaa hawa wote ni wa kizimba cha tatu!"

Utafiti haukurudiwa. Mradi ukafungwa, vizimba vikafugiwa kuku.

Mwezi uliopita nilimkuta wodini, macho ya manjano, tumbo limejaa. Ini. Kati ya viungo vyote, ini.

"Fundi, ule mti uliwasaidia wale panya?"

Miaka yote hiyo hakuwahi kuniuliza.

"Hatukujua, dada. Hatukuwahi kujua."

Niliona anavyopiga hesabu yake mwenyewe mpaka mwisho: panya wale, majani yale, ini lake hili.

"Aa. Kumbe nilijifungia mlango kwa mkono wangu."

Nikasema hapana, nikasema madaktari wapo, nikasema mambo mengi ya kipumbavu. Akanishika mkono.

"Lakini wale wa maji walionja?"

"Walionja. Niliona sharubu za kijani."

"Uliona?" Akajaribu kuinuka. "Uliona na ukanyamaza? Wewe Muha wewe!"

Nilijiandaa kwa lolote. Nilistahili. Feza akacheka, kile kicheko chake, kidogo sana sasa, mpaka nesi akaja kuangalia kuna nini.

"Basi tuligawa wawili," akasema.

Hapana, Feza. Uligawa peke yako. Mimi nilinyamaza nikaokoa mkate wangu, kwanza kabla hujasema, kisha baada ya wewe kusema. Ila umeniongezea na mimi konzi mbili juu, na nimezipokea nikilia kama mtoto.

Kesho alasiri tunakusindikiza makaburini Bangwe. Huko ulikofika, kama kuna foleni mbili, najua umeshaanza kugawa.

Lala salama, dada yangu. Na jua limezama, najua, usinicheke: Mwakeye, Feza. Mwakeye.