Dada Mkubwa wa Kisima cha Mawe

Harufu ya kiangazi kile ilikuwa ya tangawizi na samaki wakavu, na ilianzia dukani kwa Bwana Lin, Langley Park, hatua mia mbili na kumi kutoka mlango wa fleti yetu. Wakati wa kurudi zilikuwa mia mbili na kumi na nne, kwa sababu ya mzigo. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, nami nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Baba yangu, mpishi wa mkahawa, alikuwa Mchina asiyejua kusoma Kichina. Mjomba wake, aliyekuwa mpishi wa meli, alimtoa kijijini akiwa na miaka saba, akamlea katika jiko la hoteli Mombasa. Huko ndiko alikookota Kiswahili, na kwa Kiswahili hicho akamposa mama, Mbukusu wa Bungoma. Huku Marekani kilibaki kuwa lugha ya wazazi wanapogombana, na ya watoto kujifanya hawakusikia.

Kijiji cha baba kiliitwa Kisima cha Mawe, naye alikisimulia mpaka ningeweza kukichora. Nyumba thelathini, zote za ukoo wa Chen, kwa hiyo hakuna aliyeoa jirani yake. "Kama kwetu tu," mama alisema, "mke anatafutwa ng'ambo ya mto." Upande wa juu wa kijito palikuwa na kijiji cha wafinyanzi wa vigae, watu wa mikono myekundu, upande wa pili wafugaji wa nguruwe, ambao lugha yao hakuna aliyeielewa mpaka ifike kwenye bei. Mama yake alipokufa, baba alibebwa mgongoni na dada yake, msichana aliyekuwa tayari ameposwa kwa wafinyanzi. Juni ya mwaka ule mteja mmoja alimwambia baba kwamba bonde lile lote lingefunikwa na maji ya bwawa, na watu wake watawanywe mikoani. Baba akaacha kula chakula alichokipika mwenyewe. Barua isipofika kabla watu hawajahamishwa, dada yake hangepatikana tena. Waraka ni nusu ya kuonana, na baba nusu hiyo angeipokea bila kuomba nyongeza.

Bwana Lin alikubali kuandika iwapo ningempangia kabichi Jumamosi nne. Nikamshusha hadi mbili, bahasha ndani. Mkalimani pia nilikuwa mimi, kati ya Kiswahili cha baba na Kiingereza cha Bwana Lin, maana Kichina chake na makombo aliyobaki nayo baba vilikuwa vya mito miwili tofauti.

"Jina lake nani?" Bwana Lin aliuliza, kalamu juu.

"Dada Mkubwa," baba alijibu.

"Hicho ni cheo. Nataka jina."

Baba alinikazia macho kama mimi ndiye niliyemtusi. "Mwambie mkubwa hatajwi jina. Kwetu ungelitaja ungekula kofi."

"Ukoo mmoja, na kila nyumba ina Dada Mkubwa wake. Nimwandikie yupi?"

"Yule aliyenibeba."

Mama, tuliyekuja naye, aliangua kicheko. "Ai, Baba Watoto! Mtu amekubeba mpaka mgongo ukapinda, na hujui anaitwa nani?" Nikamuuliza yeye jina la bibi aliyemlea. "Kukhu," akasema haraka. Lakini kukhu ni bibi tu, kwa Kibukusu. Mama akaanza kuchagua vitunguu ambavyo hatukuvihitaji.

Tulituma barua mbili, moja Kisima cha Mawe na moja kwa wafinyanzi. Zote zilirudi majani yalipoanza kuanguka. Juu ya bahasha moja mtu wa posta alikuwa ameandika kwa mkono, na Bwana Lin akatusomea: "Hapa hakuna mwenye jina hili, au wote wanalo. Waliobaki wanahama keshokutwa." Baba alimwomba asome tena. Akasoma tena. Keshokutwa ile ilikuwa imepita wiki tano.

Damu ni nzito kuliko maji, watu husema, lakini aliyetunga hilo hakuwahi kuona bwawa. Baba alifariki bila barua ya tatu. Siku hizi nalitazama ziwa lile kwenye simu: kijani kitupu, wafinyanzi, wafuga nguruwe na Chen wote chini ya rangi moja. Siku zile tulikosa njia ya kumfikia mtu. Leo njia ni nyingi, mtu ndiye hayupo. Mdogo wangu anaishi Germantown na mwanawe wa miaka tisa, mtoto mwenye adabu zake. Majuzi nilimuuliza mtoto huyo mimi naitwa nani. Akanijibu kwa Kiingereza, akinishangaa, kwamba mimi ni Shangazi. Nikamtajia jina langu, akalirudia vizuri. Jumapili iliyofuata nikamuuliza mara ya pili. Alikuwa amelisahau.