Maharage na Fizikia

Mimi ni mtu wa hasira za haraka, wala sifichi. Siku binti yangu aliponiletea karatasi ya fizikia yenye kumi na moja kati ya mia, nilifoka mpaka wateja wakaacha kula. Nina mgahawa mdogo karibu na stendi hapa Sumbawanga, na mchana ule ulikuwa umejaa. Hesabu nazo alikuwa amepata kumi na tisa. Yuko kidato cha pili, tena nimeshamtafutia mwalimu wa kumfundisha nyumbani!

Mwalimu mwenyewe alikuwa kijana mtanashati, tai shingoni, viatu vinang'aa hata wakati wa tope. Alikuja jioni tatu kwa wiki, akimwaga Kiingereza bila kupumzika. Mimi nilikuwa nakaa jikoni nasikiliza, moyo umejaa. Sikuelewa hata neno moja, na ndiyo maana nilifurahi. Nilijiambia kitu nisichokielewa namna hii lazima ni elimu ya kweli. Jamani, ujinga mwingine mtu unajitafutia mwenyewe.

Wiki hiyohiyo mwalimu wa taaluma wa shule yao akatuita ofisini, mimi na binti. Hakuzunguka: mtihani wa mwisho wa muhula, binti asipofikisha thelathini fizikia na thelathini hesabu, kidato cha tatu hatasoma sayansi. Sasa huyu mtoto tangu mdogo anafungua redio mbovu za majirani na kuzifunga tena, na siku zote alisema atakuwa mhandisi wa umeme. Tukarudi nyumbani. Njiani akaniambia, "Mama, usihangaike. Nitakusaidia mgahawani." Yale maneno yaliniuma kuliko zile alama.

Aliyetuokoa alikuwa mteja. Ni mama mmoja kutoka Mbeya, anafundisha fizikia na hesabu kwenye shule ya kata upande wa pili wa mji, na alizoea kula kwangu akiwa na mtoto mgongoni. Siku ile nilipofoka alikuwepo. Kesho yake baada ya sisi kuitwa shuleni, alipomaliza kula akamwita binti yangu, akamuuliza mgandamizo ni nini. Binti akasimama wima, akatiririka Kiingereza kwa pumzi moja. Nikatabasamu.

"Vizuri," mwalimu akasema. "Sasa mwambie mama yako kwa Kiswahili."

Akaanza tena Kiingereza kilekile.

"Basi mwambie kwa Kifipa."

Mtoto akatazama sakafu.

"Huyu ana akili zake timamu, mama," mwalimu akaniambia. "Amekariri tu. Hajui anachokisema."

Nilimsihi atufundishie, akakubali kuja kila Jumamosi, lakini kwa sharti. Kila siku ambayo yeye hayupo, binti anifundishe mimi yale waliyosoma, kwa Kiswahili, na nisimwachie mpaka nielewe. Nikishaelewa, ndipo yeye na binti watayaweka katika Kiingereza cha mtihani. Nikacheka mpaka nikashika meza. "Mimi? Mimi wa darasa la saba, mwalimu?"

"Ndiyo, wewe hasa ndiye ninayekutaka," akasema.

Yule kijana wa tai nikamuaga kwa heshima, tukaanza. Wateja wa mchana wakipungua, binti anatoa daftari, mimi nachambua mchele huku nasikiliza. Vijana wa bodaboda wakanibatiza Mama Fizikia. "Mama Fizikia, mambo? Chai moja, na leo umejifunza nini?" Niliwatukana kidogo, wakazidi kucheka. Nguvu, kasi, uzito, milinganyo ya hesabu, vyote vilipita juu ya ule mchele. Nisipoelewa nilisema sijaelewa, na yeye alianza upya, machozi yakimlengalenga.

Ila siku ya somo la kuchemka tulichelewa mpaka usiku, nami nilikuwa nimechoka. Alinieleza, sikuambulia kitu, nikasema, "Nimeelewa, kalale." Sisi tulilelewa hivyo darasani. Mwalimu akiuliza tumeelewa, darasa zima linaitika ndiyooo, hata kama hakuna aliyeelewa.

Jumamosi mwalimu akafika, akamshusha mtoto mgongoni, akanigeukia mimi. "Mama, hebu nieleze wewe. Kwa nini huku kwetu juu maji yanachemka mapema kuliko bondeni?"

Loo! Nilitafuta pa kujificha. Binti yangu akanitazama, na nikaona usoni mwake kwamba hata yeye hana jibu. Mwalimu hakupandisha sauti. Alisema tu, "Ukimwambia umeelewa na hujaelewa, anaamini anajua." Niliona haya mpaka masikio yakawaka.

Akamfundisha binti tena, na jioni ile sisi wawili tukaanza upya. Binti akasema hewa ina uzito, inakandamiza maji, na huku juu hewa ni chache, haikandamizi sana, kwa hiyo maji yanachemka kabla hayajapata moto wa kutosha.

"Maji yakichemka si yamechemka?" nikamwuliza. "Moto gani tena?"

Akafikiri sana. Halafu akaruka. "Mama! Maharage! Kwa nini ya mama mdogo yanaiva haraka?"

Mdogo wangu ameolewa Ilemba, kule chini bondeni, na miaka yote ananitambia kwamba mimi sijui kupika, maharage yangu yanakaa jikoni tangu asubuhi. Mimi nimelaumu mkaa, nimelaumu mbegu, nimewalaumu mabinti wote walionisaidia jikoni. Nikasema haiwezekani. Tukagawana maharage ya gunia moja, mengine tukampa kondakta wa basi ampelekee. Kesho kutwa yake tukabandika kwa wakati mmoja, mimi huku na yeye kule. Baada ya saa mbili akapiga simu: "Yameiva, nala!" Yangu nikayabonyeza, magumu, na maji yanatokota kwa fujo.

"Unaona?" binti yangu akapiga kelele. "Yanatokota, lakini hayana moto kama wa kule!" Akashika chaki ya kuandikia bei, akachora ukuta mzima wa mgahawa wangu, akiwaeleza vijana wa bodaboda bila kuangalia daftari. Hapo nikaelewa. Haki ya Mungu, nilielewa.

Matokeo ya mtihani yalipotoka alikuwa na arobaini na sita fizikia, thelathini na nne hesabu. Mwalimu wa taaluma akaandika jina lake kwenye orodha ya sayansi mbele ya macho yangu. Nikabeba kuku na unga wa ulezi mpaka kwa mwalimu wetu, nikapiga magoti mlangoni. Akaniinua, akapokea kuku, akashukuru. "Lakini mimi nilikuja Jumamosi tu," akasema. "Siku sita zilizobaki nani alikuwa anafundisha?"

Nilirudi nikamkuta binti anaosha masufuria nyuma ya mgahawa. Nikasimama mbele yake.

"Shikamoo, mwalimu."

Akadhani namkejeli, maana nimezoea. "Mama, acha utani."

"Sitanii. Shikamoo."

Sufuria likamponyoka. Akafunika uso kwa mikono yenye povu. "Mama, mimi siwezi kuitikia hiyo."

"Usiitikie," nikamwambia, na mimi nalia. "Lakini nimekuamkia."