Sajini Staliko Akataa Kutia Sahihi

Sajini Staliko Nyangulu alikuwa amewafundisha makuruta wa Malawi kwa miaka ishirini na mbili, na goti lake la kushoto liliihesabu yote. Alibakiwa na miezi miwili astaafu. Alichotaka ni kupumzika tu.

Asubuhi hiyo Kapteni Mphande, mkuu mpya wa kombania, alimletea karatasi. Ilisema kombania iko tayari kwa dharura yoyote. Ilihitaji sahihi ya mkufunzi.

"Sitii sahihi, afande," Staliko alisema, amechoka hata kubishana.

"Mbona? Gwaride lao si unaliona?"

"Naliona. Wiki sita ni gwaride tu, kwa ajili ya wageni wa ukaguzi. Mto haupigiwi saluti, afande. Na masika hayo yanakuja."

Kapteni alikunja uso. "Haya, twende huko mtoni. Nikuone ukiaibika, mzee."

Askari kumi na wawili waliingia majini na mizigo mgongoni. Kamba ya kuvukia walikuwa wameifunga wenyewe. Walipofika katikati, fundo likafyatuka. Wengine walisimama kwa shida, lakini Tadala, binti mwembamba kutoka Ntcheu, alichukuliwa na maji. Staliko hakukumbuka goti. Alijitupa, akamdaka kwenye matete, akamvuta ukingoni akikohoa.

"Nilifunga vile nilivyokumbuka, afande," Tadala alilia.

"Ulionyeshwa mara moja tu, mwanangu. Kosa si lako."

Kapteni aliketi ukingoni. Akavua buti.

"Nifundishe mimi kwanza hilo fundo," alisema. "Hata mimi silijui."

Tangu siku hiyo, kila alfajiri kwa majuma matatu, kapteni aliingia majini wa kwanza na kutoka wa mwisho. Baadhi ya askari walinong'ona kwamba wamechoshwa. Staliko naye alichoka kuliko wote. Jioni mkewe, NyaKumwenda, alimkanda goti kwa maji moto akimwambia, "Watakuzika na filimbi yako ya mazoezi, baba." Staliko hakuwa na nguvu ya kucheka.

Juma la nne alitia sahihi.

Wageni walipokuja, gwaride lilipinda kama mkia wa mbwa. Jenerali alimfokea kapteni mbele ya watu. Kapteni akajibu, "Amri ya kuacha gwaride ilikuwa yangu, afande," wala hakumtaja mtu.

Staliko alisimuliwa hayo akiwa kitandani, mguu umevimba. Aliguna tu, akageukia ukutani, akalala mchana kutwa.