Hodi ya Puani

Siku niliyomwona kwanza yule dresa, msaidizi wa daktari hospitalini, alikuwa amepiga magoti barazani, anabisha hodi kwenye pua ya mtoto. Mkononi alishika kikombe cha waya kilichovikwa kitambaa, ambacho huko chumba cha upasuaji hutiwa dawa ya usingizi. Waya ule aliupasha joto viganjani kwanza, na hakumfunika mtoto yeyote mpaka aitikiwe "karibu". Mwanangu Jokha, wa miaka minne, alikuja kupasuliwa ngiri, nayo ilikuwa inazidi kuvimba. Daktari alikwisha sema kwamba akilia akifunikwa kikombe atarudishwa nyumbani kwetu Buguruni hadi mwezi ujao.

"Hodi, pua," dresa alisema kwa sauti ya mgeni mwenye adabu. Jokha akakaza midomo, machozi yakimlenga. Dresa akanigeukia mimi. "Basi lala wewe, baba Jokha. Hodi!" Nikalala kwenye benchi mbele ya akina mama wote waliokuwa wakingoja na watoto wao, nikaitika karibu, nikafunikwa kikombe kikavu, nikakoroma kidogo kwa haya. "Mwongo huyo," Jokha alisema. "Baba anakoroma kama punda wa muuza maji." Dresa akaniinamia. "Umesikia, bwana? Koroma kama kwako." Nikakoroma. Akina mama walishika mbavu. Jokha akacheka, akajilaza ubavuni pangu, akasema, "Karibu." Dresa akambeba ndani. Mimi nilibaki nimelala palepale, nikiogopa kuinuka nisije nikaharibu mchezo. Adhuhuri dresa alirudi, akabisha hodi puani pangu. "Amka, bwana. Mwanao ameshaamka, anauliza kama na wewe umeamka."