Uso Wangu Kwenye Kamba ya Nguo

Jirani wa upande wa kisimani alipita asubuhi na ndoo yake kichwani, akanikuta nimekaa kwenye kigoda nyuma ya ofisi ya mjukuu wangu. Hakunitazama mimi. Alitazama kamba ya nguo. Akatua ndoo chini taratibu, akasema kwa sauti ya msibani, "Poleni jamani. Bibi alikuwa mtu wa watu."

Nikamuuliza, "Bibi gani?"

Akageuka. Akanitazama mimi, akatazama kamba, akanitazama tena. Kisha akainua ndoo yake kwa haraka, nusu ya maji yakammwagikia, akaondoka bila kuaga.

Simlaumu. Pale kwenye kamba, kwa vibanio vya nguo, zilining'inia nyuso zangu. Si picha nzima. Ni vipande vya fleksi, lile turubai la mabango, kila kimoja kimenikata kuanzia kwenye nyusi hadi kidevuni, na kila kimoja kina rangi yake. Upepo ukija, zote zinatikisika pamoja kama watu wanaokubaliana jambo.

Nianze mwanzo.

Tulizaliwa wawili, kijijini Kasokola, tumbo moja, siku moja. Yeye alitangulia, mimi nikafuata. Sura ilikuwa moja kabisa, mpaka mama yetu alimfunga mmoja uzi mkononi asije akamnyonyesha yeye mara mbili mimi nikalala njaa. Tulipokua, mwenzangu akaolewa Karema, kule ziwani, mimi nikabaki na jembe langu. Hapo ndipo rangi zetu zilipoachana. Mimi nilibaki maji ya kunde. Yeye alikausha migebuka kwa moshi na kuanika dagaa mchangani maisha yake yote, jua la juu linampiga, na lile la kwenye maji linamrudia usoni, akawa mweusi. Si weusi wa masizi, hapana. Ulikuwa na wekundu chini yake, kama asali ya Inyonga ukiiinua kwenye chupa ukaitazama juani. Akija kunitembelea, salamu yake ilikuwa moja tu. Ananishika shavu, anauliza, "Umeiva?" Na mimi namjibu, "Bado mbichi." Tunacheka kama wehu.

Alikufa. Nilikwenda kumwosha kwa mikono yangu hii, nikamzika. Pale kaburini wazee wa upande wa mume wake walichana upindo wa kitenge nilichovaa, wakautupia shimoni, wakamwambia, "Mwenzio huyu hapa, tumekupa, usirudi kumtafuta." Katekista alijifanya anafunga kamba za viatu. Viatu vyake vilikuwa ndala.

Basi ulipokaribia mwaka, mtoto wake wa kiume akaja Mpanda. Wanataka kusoma misa ya kumbukumbu na kusimika msalaba, na yeye anataka bango kubwa la mama yake, asimame pale watu wamwone. Akamletea mjukuu wangu kazi. Shida ilikuwa picha. Zote zilikuwa kwenye simu, na simu ilizama ziwani. Kilichobaki ni kitambulisho, picha yake ndogo kama kucha, ya kijivu. Ukiikuza inakuwa punje punje, kama mchele uliomwagika.

Sasa nimseme mjukuu wangu, kwa sababu huyu mtoto wa kike lazima asemwe. Mashine yake ya kuchapa mabango ni ndefu kuliko kitanda cha sita kwa sita. Zamani mtu wa Mpanda akitaka bango la maana anapanda basi kwenda mikoa ya watu. Leo wanapanda ngazi za mjukuu wangu. Makanisa, misikiti, maharusi, wauza mbolea, wote. Na wanaopenda kazi yake wanaipenda kwa rangi. Kila jora jipya la fleksi likifika, kwanza anachapa karatasi ya vyumba vyumba, mamia ya vyumba vya rangi, anaitundika mlangoni kando ya ile ya zamani, anazitazama juani kama mama anayetafuta chawa. Kila jora linakunywa wino kivyake, anasema. Asipolipima, padri anatoka mwekundu kama nyanya, na kijani cha bendera kinaoza.

"Printa haijui rangi, bibi," aliniambia. "Inajua namba. Mwenye macho ni mimi."

Ndiye huyo aliyepata wazo. Akanitazama, akatazama kitambulisho, akasema, "Si uso ni huuhuu? Nikupige picha wewe, mke mwenzangu, halafu nimtafute yeye kwa rangi."

Nilifurahi, nisidanganye. Nilioga, nikafunga kilemba kama alivyokuwa akifunga marehemu, kifundo upande wa kushoto. Mtoto wa marehemu ndiye ambaye hakufurahi. Mwishowe akasema, "Mama mdogo, shangazi zangu watasema. Uso wa aliye hai haukai juu ya kaburi. Na wewe ni pacha. Walitupa kitenge chako ili asirudi. Sasa ukimpelekea uso?"

Furaha ikanitoka. Sikuwa nimewaza hivyo. Lakini nilikuwa nimeshavaa kilemba, na mtoto wa watu alitaka kumwona mama yake. Nikamwambia mjukuu, "Sikia. Rangi ikiwa yake, huyo ni yeye. Rangi ikiwa yangu, ni mimi, nimejipeleka mwenyewe watu wakaniombee kama marehemu. Kwa hiyo usibahatishe."

Akajibu, "Mimi huwa sibahatishi." Ni kweli.

Kipande cha kwanza kilitoka. Nilikuwa ni mimi, mzima mzima, na kovu langu la ndui la utotoni, ambalo mwenzangu naye alikuwa nalo palepale. Kipande cha pili akakitia giza. Mashine ikapita huku, ikarudi huku, inajenga uso kidogo kidogo, mstari kwa mstari, kuanzia kwenye nyusi kwenda chini. Macho yalipotoka nilishika ukingo wa meza.

"Huyu siye?" akauliza.

"Ndiye," nikasema. "Ila hivi ndivyo alivyokuwa siku namwosha."

Mjukuu wangu akakikunja kile kipande, akakiweka chini ya meza, akaniambia kwa sauti ndogo kwamba alikuwa ameongeza wino mweusi. Wino mweusi unaua ngozi, unaleta majivu. Weusi wa mtu unajengwa kwa njano na majenta, ile nyekundu yao inayokaribia waridi, na bluu kidogo chini. Akaanza upya. Kikatoka kilichoungua. Kikatoka cha kijani, mgonjwa wa homa. Kikatoka kingine ambacho kilikuwa mimi tena, ila nimekasirika. Kila kimoja tukakitundika nje, kwa sababu taa ya ndani inadanganya. Rangi inatazamwa juani. Ndipo jirani akapita na ndoo yake.

Mchana huo umeme ulikatika katikati ya kipande. Mashine ikanyamaza mdomo ukiwa nusu. Umeme ukarudi, mashine ikakohoa, ikamalizia. Nilikitazama kingali na unyevu nikasema hapana, kimezidi wekundu. Tukakitundika mwisho wa kamba, tukaenda kula ugali.

Tuliporudi, dada yangu alikuwa kwenye kamba.

Siwezi kulisema vingine. Mjukuu alikuja kunieleza baadaye kwamba wino ukikauka rangi inatulia, inashuka, na kwamba alishaniambia nisihukumu kitu kibichi. Sawa. Lakini mimi nilitoka mlangoni na kijiti cha meno mdomoni, nikamwona. Wekundu umezama chini ya weusi, kama asali. Wale wengine wote kwenye kamba walikuwa picha. Yeye alikuwa ananingoja. Upepo ulikuwa umekufa, vipande vyote vimetulia, ila cha kwake kilikuwa kinasogea kidogo kwa chini, pale kwenye kidevu.

Mdomo wangu ukasema wenyewe, "Bado mbichi."

Hakuna aliyekuwa ameniuliza. Mjukuu alikuwa nyuma yangu, akasema, "Bibi unaongea na nani?" Nikamwambia achape bango.

Akachapa. Namba zilezile, akanionyesha kwenye kompyuta, hakugusa kitu. Likatoka, likakauka, nikawa mimi. Akasafisha vichwa vya mashine, vile vinavyotema wino. Akachapa kipande. Mimi. Akasema huenda majenta iliziba umeme ulipokatika, basi akazima mashine makusudi katikati, akaiwasha. Mimi tena, na mstari mdomoni kama niliyeshonwa. Siku iliyofuata akabadilisha chupa ya wino, akapima jora upya, akachapa vyumba vyake vyote, rangi zote zikakaa sawa, bendera sawa, nyanya sawa. Akaweka uso. Ukiwa mbichi ulinipa matumaini, ulipokauka nikawa ni mimi, mpole, maji ya kunde, ninatabasamu kama ninayeaga.

Huyu mtoto haogopi kitu. Ameshagombana na wanaume wakubwa kwa ajili ya bango lililopinda. Lakini jioni ile alikaa sakafuni, mgongo kwenye mashine, akasema bila kunitazama, "Bibi, sijui nikwambieje. Naona kama inakuchagua."

Nilitaka kumwambia aache upuuzi. Lakini nilikuwa nahesabu moyoni nguo zangu, nani nimwachie kipi.

Misa ilikuwa Jumapili. Mtoto wa marehemu akapiga simu: basi la kwenda Karema linaondoka asubuhi, bango liko tayari? Nikamnyang'anya mjukuu simu. "Lile la uso wangu haliji huko," nikasema. "Nakuletea kile kipande."

"Mama mdogo, kipande? Hakina hata masikio. Watu watatucheka."

"Wacheke. Masikio yake unayakumbuka."

Mjukuu alichapa bango jeupe lenye msalaba na maneno, akaacha katikati wazi, akakibandika kile kipande kwa gundi ya fleksi, akakikanda kwa viganja kama anamkanda mtu miguu. Uso bila nywele, bila shingo, nyusi hadi kidevu, umeelea kwenye weupe. Vile vipande vingine fundi wa jirani aliniomba, akafunikie banda la kuku. Nikamwambia uso wangu haufuniki kuku. Nikavichoma mwenyewe. Fleksi inanuka vibaya ikiungua.

Karema walilitundika kati ya miti miwili, karibu na msalaba mpya. Watu waliokuwa wanaongea wakaacha. Yule shangazi mkubwa, dada wa mume wa marehemu, ambaye nilimwogopa kuliko mashine, akaja akasimama mbele ya bango. Alisimama muda. Akanigeukia akanitazama usoni bila haya, akarudi kwenye bango, halafu tena kwangu. Akanishika mkono, akaugeuza kama anayekagua samaki sokoni.

"Nyie ni wawili," akasema.

Akaenda kukaa. Mtoto wa marehemu akaanza kulia hapohapo, kilio cha nguvu, cha mtu aliyekuwa amekizuia mwaka mzima. Nami nilikula wali mwingi siku hiyo, nikalala bila kuota.

Ningependa hadithi iishie hapo. Bango halikuteremshwa. Mwanangu yule, mtoto wa marehemu, hakutaka. Kila Jumapili akitoka kanisani analipiga picha, anaituma kwa mjukuu wangu, naye ananionyesha. Juzi juzi nikamwambia, "Punguza mwanga, siye." Akasema mwanga ni uleule. Akatafuta picha za nyuma, akaziweka kwa mfuatano, akawa ananisogezea moja moja kwa kidole. Dada yangu alikuwa anapauka. Jua la ziwani lililomfanya mweusi sasa linamrudisha alikotoka. Weusi unatoka, asali inatoka. Katika ile ya mwisho alikuwa karibu maji ya kunde.

"Nilisahau kukipaka kinga," mjukuu akasema. Aliona aibu sana, maana ni kazi yake. "Jua linakula wino, bibi. Nimwambie alishushe? Alipeleke gizani, libaki hivi lilivyo?"

Nilimwomba kioo kwanza. Nikatoka nacho nje, juani, kama alivyonifundisha. Mimi nami si maji ya kunde tena. Siku hizi ngozi imeingia majivu, mashavuni na kwenye paji, kama chungu kilichokaa bila kupikiwa. Nilikuwa sijajitazama vizuri muda mrefu.

"Mwambie aliache," nikasema.

"Una uhakika, bibi? Si ulisema..."

"Najua nilichosema. Wakati ule ilikuwa mashine. Huyu anakuja mwenyewe kunifuata, na anakuja polepole."

Sasa ndiyo kazi yetu ya Jumapili. Picha ikiingia, mjukuu ananiletea simu uani, pale chini ya kamba ya nguo. Anaishika juani. Mimi naweka shavu langu kando yake, yeye anarudi nyuma hatua kidogo, anafumba jicho moja kama anapima jora jipya, anatazama huku na huku kwa makini, kuona kama rangi zimekutana. Huyu mtoto habahatishi.

"Bado," ananiambia. "Bado kidogo."