Risasi za bei chee zilinigomea mbele ya mbweha: nilivyomsaka mchawi wa .22 yangu

Mwadila wakuu.

Wewe unayesoma hapa nakuchukulia kama yule mwenzangu wa kwaya ambaye nikimwambia jambo halifiki sokoni. Vuta kigoda. Haya yamenipata mwenyewe hapa Bariadi, na nikitia chumvi Mungu ananiona.

Kwanza niweke wazi, maana humu wapelelezi ni wengi. Bunduki ni .22, ile ya risasi nyembamba. Ilikuwa ya marehemu mume wangu. Alipofariki niliisalimisha polisi, nikaomba umiliki kwa jina langu, nikazungushwa weee, mwisho kibali kikatoka. Kwa hiyo msiniite jambazi.

Kazi yake ni moja tu. Mbweha.

Mume wangu aliniachia mbuzi, na mbweha wa huku wanajua siku ya mbuzi kuzaa kuliko mwenye mbuzi.

Matunzo bunduki ilikuwa inapata. Kila Jumapili nikitoka ibadani naitoa kabatini, naifuta, natia mafuta kwenye bolti, kile chuma cha kufungia risasi, naiombea, nafungia. Sikuwahi kuruka hata Jumapili moja.

Sasa risasi za marehemu zilibaki kumi kwenye boksi. Sikutaka kuzimaliza, aliziweka kwa mkono wake. Nikaenda Mwanza kwenye duka lenye leseni, nikachukua boksi la bei chee. Muuzaji akasema, "Mama, hizi nazo zinalia tu."

Haya.

Asubuhi moja jua limeshatoka, naosha vyombo, nasikia mbuzi wanapiga kelele. Kuchungulia, mbweha huyo kwenye kona ya zizi. Nikakimbilia kabatini, nikatoka, nikalenga, nikavuta.

Tki.

Mbweha akageuka akaniangalia. Wakuu, nimelea watoto wanne na nimefundisha Sunday school, lakini sijawahi kudharauliwa vile.

Marehemu alinifundisha kwamba risasi ikigoma usifungue hapo hapo. Inaweza kuwa imechelewa tu, ikalipuka wakati wewe umeshaweka uso. Mtutu uuache umeelekea kusiko na mtu wala kitu, usali Baba Yetu yote bila haraka, ndipo ufungue. Ni kama nusu dakika.

Nikasali. Nilipofika kwenye "utuokoe na yule mwovu", yule mwovu alishaondoka na mtoto wa mbuzi.

Wiki hiyo ilinigomea mara tatu. Watoto wa mbuzi wawili wakaenda.

Habari ikamfikia shemeji Masunga, mdogo wake marehemu, anakaa Migato. Akaja na pikipiki, hata maji hajanywa.

"Shemeji, hiyo bunduki imekataa mkono wa mwanamke. Twende kwa nfumu aisemeshe."

Nfumu ndiyo mganga, kwa wasiojua Kisukuma.

"Masunga, mimi nimeokoka. Bunduki yangu haisemeshwi na mtu."

"Basi irudishe polisi. Na hawa mbuzi niwahamishie kwangu Migato wakae salama."

Masunga simsemi vibaya, ni mtu mzuri kwenye misiba. Lakini mbuzi wakienda kwake kukaa salama, watakaa salama mpaka siku ya ufufuo. Mimi siwaoni tena.

Nikamwambia, "Nipe mpaka Jumamosi. Isipolia vizuri mbele yako, bunduki naipeleka polisi na mbuzi waswage uende nao. Ikilia, hili zizi unalizungushia miiba wewe mwenyewe, kwa mikono yako."

"Nimekubali. Na kamba nakuja nazo."

Wakuu, alikuja nazo kweli.

Sasa niseme kidogo. Mimi nasoma masomo ya jioni pale mjini. Nina arobaini na kitu na dawati la mbele ni langu. Mwalimu wetu wa physics ana wimbo mmoja: ukitafuta chanzo, badilisha kitu kimoja tu, vingine vyote viache vilivyo. Nikasema haya ndiyo ya kwenye daftari, leo tuyaone shambani.

Washukiwa walikuwa watatu. Risasi, bunduki, na wachawi. Wachawi nikawaweka mwisho, hawana practical.

Jumamosi jioni, jua bado lipo, nikamtaarifu mwenyekiti wa kitongoji watu wasije wakakimbia hovyo. Nyuma ya shamba langu kuna kichuguu kikubwa, nyuma yake hamna nyumba wala njia. Nikamuita jirani yangu Mzee Nkuba, askari wanyamapori mstaafu, awe mwamuzi. Masunga akakaa pembeni juu ya kamba zake.

Nikaanza na risasi za bei chee, kumi.

Nne zikagoma. Na kila ikigoma, Baba Yetu yote. Siku ile nilisali kuliko kwenye mkesha.

Masunga: "Shemeji, tuko msibani?"

Mzee Nkuba akaniambia zile zilizogoma niziingize tena, ila nizigeuze kidogo. Akaeleza vizuri. Kwenye hizi ndogo, ile dawa ya kuwashia haipo katikati ya kitako, imepakwa kuzunguka ukingoni. Za bei chee zinaweza kuwa zimepakwa vibaya upande mmoja. Ukiigeuza, pini inagonga upande mwingine.

Nikageuza. Mbili zikalia, mbili zikakataa kabisa.

Nikafurahi! "Si mnaona? Ni risasi!"

Mzee akatikisa kichwa. "Mayu," ndivyo Wasukuma tunavyomwita mama, "hujabadilisha kitu bado."

Alikuwa sahihi, na nilijua anachotaka. Zile kumi za marehemu.

Nilikaa nalo boksi mkononi kidogo. Halafu nikazitoa. Bunduki ile ile, kichuguu kile kile, kilichobadilika ni risasi tu.

Ya kwanza ikalia. Ya pili ikalia. Ya tatu, tki.

Katika kumi, tatu ziligoma. Risasi za gharama, ambazo marehemu hazikuwahi kumgomea hata moja.

Masunga alisimama, akakung'uta suruali, akaenda zizini na kamba. Niliona ameshamfunga yule beberu wangu mweusi.

Machozi yalinilenga, sitawadanganya.

Mzee Nkuba yeye alikuwa anaokota maganda. Akaniita, "Njoo uone alama." Zilizolia zina shimo la pini limeingia sawasawa. Zilizogoma, za marehemu na za bei chee, alama ni hafifu kama umebonyeza kwa ukucha.

"Pini inagonga kama mgonjwa," akasema. "Hakikisha haina kitu, nipe bolti."

Nikahakikisha mara mbili, nikampa. Akaifungua, akaingiza kidole, kikatoka na kitu cha kahawia kinanata kama urimbo wa kunasia ndege. Akakinusa. Akanusa tena.

"Mayu, humu umekaanga maandazi?"



Masunga akarudi na beberu wangu kwenye kamba. "Maandazi gani?"

Wakuu, ikabidi niseme. Yale mafuta niliyokuwa natia kila Jumapili ni mafuta ya pamba. Yetu haya haya ya kukamua hapa Bariadi, ya kupikia. Nilipeleka chupa kwenye maombi ya akina mama, yakaombewa, nikaona kama yanafaa kichwani pangu yatafaa na bunduki.

Kumbe mafuta ya kupikia yakikaa kwenye chuma yanaganda. Angalia upande wa nje wa sufuria yako utaelewa. Pini ilikuwa inatembea kwenye gundi, inafika imechoka.

Masunga alicheka mpaka beberu akamponyoka. "Kumbe mchawi ni wewe mwenyewe shemeji! Umeiroga kwa upako!"

"Cheka haraka," nikamwambia, "miiba inakusubiri."

Tukasafisha pale pale. Mafuta ya taa, mswaki wa zamani, kitambaa, tukakausha kabisa, halafu tone moja tu la mafuta mepesi ya bunduki ya Mzee. Na chemba, pale risasi inapokaa, tukaipiga brashi, maana hizi za bei chee zinaacha uchafu na nta, risasi haikai mpaka mwisho.

Nikarudi kwenye boksi la bei chee, nyingine kumi. Masunga anahesabu kwa sauti, na sauti inazidi kushuka.

Tisa zikalia moja kwa moja. Ya kumi ikagoma, nikasali, nikaigeuza, ikalia.

Jumatatu asubuhi Masunga yuko juu ya zizi langu, amevaa soksi mikononi, anapanga miiba. Na mbweha akaja. Hakujificha hata kidogo, ameshaizoea ile tki yangu. Akasimama upande niliopo mimi peke yangu, ananingoja nimalize kusali aondoke na chake.

Pah!

Nilimkosa. Vumbi liliruka hatua nzima pembeni yake. Lakini yule mnyama alikimbia kuelekea Meatu na mpaka leo hajarudi. Masunga naye alidondokea kwenye miiba yake.

"Shemeji! Umemkosa!"

"Nimemkosa. Lakini imelia?"

Akachomoa mwiba kwenye soksi. "Imelia, mayu."

Beberu wangu yupo, anakula hapa pembeni ninavyoandika.

Nilichojifunza: risasi za bei chee zina makosa yake, ila usizibebeshe dhambi zote kabla hujapekua bunduki. Zile mbili zilizokataa kabisa nilizipeleka polisi, usitupe jalalani. Na mafuta ya upako sasa ni ya kichwa changu tu.

Wenye .22 njooni mniambie nyie mnatumia mafuta gani. Wa kucheka pia karibuni, Masunga ameshawatangulia.

Na nakuomba, usiuache uzi huu hapa. Mpelekee mama yeyote aliyeambiwa kwamba kitu alichoachiwa na marehemu kimemkataa. Mwambie kabla hajakitoa, akifungue kwanza, akinuse.